Jeton Namba Kumi na Saba

Daktari alikuwa na haraka zake za Jumamosi. Alivuta shuka hadi kifuani mwa maiti, akasema neno moja tu: amezama.

Spès aliinama, akaunyanyua mkono wa kulia wa marehemu na kuutazama kwa muda. Vifundo vya vidole vitatu vilikuwa vimepasuka, na kimoja kilikuwa kimevunjika kabisa. Chini ya kucha kulikuwa na rangi ya chungwa, ngumu, iliyoingia mpaka kwenye nyama.

"Daktari, mtu akianguka ziwani anapigana na nini?"

"Na maji."

"Maji yanavunja vidole?"

Daktari alitupia jicho saa yake. "Mi naandika yenye naona, madame. Maji iko ndani ya mapafu. Amezama."

Spès alikuwa afisa wa upelelezi kwa miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita kwa cheo, madame OPJ, mbele yake, na Kichwa Ngumu alipowapa mgongo. Hakuwa na ugomvi na neno la daktari. Mtu alikuwa amezama, sawa. Alichotaka kujua ni amezama wapi.

Ripoti iliyokuwa ndani ya mkoba wake ilikuwa fupi na safi, imepigwa kwa mashine bila kosa hata moja, na yeye alikuwa na chuki ya zamani na ripoti za namna hiyo. Ilisema kwamba Ijumaa alfajiri, kwenye meli inayoitwa Sangwe, bandarini, mlinzi alikuta maiti ya mwanamume ikielea katika shimo lililokatwa katikati ya meli. Kando ya shimo kulikuwa na bunda la waya wa shaba. Mwizi aliingia kuiba waya, akateleza, akafa maji. Na asubuhi hii hii, kabla Spès hajamaliza chai, kamishna alikuwa amempigia simu: faili lifungwe kabla ya saa kumi. Saa kumi meli inaondoka kwenda kazini na wakubwa wanaitazama.

Alikunja mkono wa shati la marehemu. Tangu kiwiko hadi kiganja kulikuwa na madoa madogo ya kuungua, mengi yasiyohesabika, mengine ya zamani, mengine mabichi. Shingoni, pale ovaroli inapoachia nafasi, kulikuwa na mengine. Mwizi gani huyu anayeunguzwa na cheche kila siku ya Mungu? Mtu huyu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma.

Nje, kwenye benchi la saruji, alikuwa amekaa mjane wake, Consolée. Alikuwa Mrundi aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Uvira ya Congo, na vita ilipowafukuza huko alirudi na mume wake Fabrice na mtoto mmoja, wakapokelewa na kaka yake katika mtaa wa Carama. Fabrice hakuwa na karatasi yoyote ya kumruhusu kufanya kazi.

"Bwana yako alikuwa anafanya kazi gani, mama?"

"Alikuwa anatafuta kazi."

"Anatafuta wapi?"

"Kule ku port."

"Na ile mikono, imeunguzwa na kutafuta?"

Consolée alikuwa na jambo, na alilimeza mbele ya macho ya Spès. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Madame, mamukwe yangu iko Uvira, anangojea maiti. Mi nitapita mpaka ya Gatumba na karatasi yenye imeandikwa mwizi? Nitamusomea nini ule mama? Fabrice hakuiba hata embe."

Spès alitaka kumwambia atafanya lililo ndani ya uwezo wake, lakini maneno hayo alikwisha kuyasema kwa wajane wengi mno, na hayakuwahi kumsaidia hata mmoja. Kwa hiyo alimgusa bega tu, akaondoka. Alikwenda bandarini kwa miguu, kwa sababu pikapu ya brigedi, kituo chake cha polisi, ilikuwa imelala wiki ya pili bila mafuta ya mazout.

*

Chef wa kazi, msimamizi wa mafundi wote, alikuwa bwana mmoja aitwaye Maxime, mkazi wa Kinindo, mtaa wa wenye nazo, mwenye kofia ngumu nyeupe na shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi. Alimpokea Spès vizuri kupita kiasi, kahawa, kiti, feni ikamgeukia yeye. Na kabla hajaulizwa kitu alianza kumtembeza melini kama anayeuza nyumba.

"Unaona, madame, hii ilikuwaka meli ya sukari na simenti ya Kigoma. Sasa ni chombo ya kuziba kisima."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miaka ya themanini, wageni walikuja wakatoboa sakafu ya ziwa kutafuta mafuta. Hawakupata ya kuwatosha. Wakakitia kisima chao kizibo kifupi cha saruji, wakapanda ndege wakaenda zao. Sasa ile saruji ilikuwa imechoka. Mapovu yalikuwa yanapanda, na wavuvi wa upande wa Kajaga walikuwa wanatoa samaki wenye harufu ambayo hata paka anaikimbia. Kisima lazima kizibwe upya, kwa kina, na lile bomba la zamani likatwe na kutolewa. Meli zinazojua kazi hiyo ziko baharini, na hakuna njia ya kuzifikisha Tanganyika. Ndiyo maana Sangwe ikapasuliwa tumbo. Walikata shimo la mraba katikati, tangu juu hadi chini, ili mabomba yashuke moja kwa moja majini. Wakafunga pampu ya saruji, kreni, na winchi nne za nanga nne ili meli isimame mahali pamoja. Ubavuni wakatengeneza matangi ya kujazwa maji, ili meli isilale upande kreni inapovuta uzito.

"Kazi nzuri," Spès alisema, na ilikuwa nzuri kweli. Alisimama kwenye ukingo wa shimo. Kuta zake zote zilikuwa za kijivu. "Rangi ya chungwa iko wapi?"

"Rangi gani?"

"Chungwa, chef. Kama ile pale."

Alionyesha hatua kumi mbele, kwenye kifuniko cha chuma kilichobanwa sakafuni kwa bolti. Pembeni mwake matone ya rangi ya chungwa yalikuwa yamekauka.

"Ah, ile ni ya kuzuia kutu. Tunapaka ndani ya matangi tu. Lakini ile tangi ilishapimwa, madame. Alhamisi tuliijaza maji kuona kama inavuja, mukaguzi wa wenye kisima akasaini. C'est fini, imeisha."

"Nifungulie."

"Ni bolti kumi na nane! Itachukua dakika makumi mbili, na sisi saa kumi..."

"Basi anza sasa, chef, usije ukachelewa."

Maxime alimtazama, akacheka kidogo, akamshika kiwiko na kumvuta kando. Alikuwa amesikia kwamba polisi wanateseka kwa mazout, alisema. Yeye anayo mapipa. Bidon moja, mbili, si kitu, ni kusaidiana tu. Spès alimshukuru kwa heshima zote, akatoa kidaftari chake, akaandika saa, jina la mtoaji na idadi ya madumu hayo, kisha akamwita dereva wa brigedi aje kuyachukua. Maxime akatabasamu akidhani mambo yamekaa sawa. Tabasamu lile halikudumu, kwa sababu Spès alirudi kwenye kifuniko, akasimama pale pale mikono kiunoni.

Mafundi wawili wakafungua. Walipokigeuza kifuniko chali, upande wa ndani rangi yote ilikuwa safi na laini, isipokuwa sehemu moja, pana kama sahani, iliyokwaruzwa hadi chuma kikaonekana. Katikati kulikuwa na doa jeusi lililokauka.

"Mafundi waligonga wakati wa kufunga," Maxime alisema.

"Kwa ndani?"

Spès aliupima mkwaruzo kwa kiganja chake, akauandika. Hasira ingekuja baadaye, sasa alikuwa na kazi.

Ukutani, karibu na tundu la tangi, kulikuwa na ubao wenye misumari ishirini na minne yenye namba. Juu yake maneno yalikuwa yamepakwa kwa rangi nyeupe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: JETON MOJA IKINING'INIA, HAKUNA KUFUNGA, HAKUNA PAMPU, HAKUNA KUSAFIRI.

"Sheria hii ni ya nani?"

"Yangu," Maxime alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kweli. "Kila mufundi iko na jeton yake, kibati ya namba. Akiingia tangi anaitundika. Akitoka anaitoa. Ubao ikiwa tupu, mutu hayuko ndani. Na Alhamisi ilikuwa tupu, madame, naapa mbele ya Mungu! Mi mwenyewe nilisimamisha pampu, nikakuja kuangalia..."

Akakatisha, lakini alikuwa amechelewa.

"Ulisimamisha pampu kwa nini, chef?"

*

Pampu ya maji iliendeshwa na binti mmoja, Chanelle, aliyekuwa na daftari la kazi na mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista. Spès alimkuta peke yake, akamwomba asome ukurasa wa Alhamisi.

"Saa saba na nusu, kifuniko imefungwa. Saa nane kasoro dakika tano, pampu imewaka. Saa nane na dakika kumi, pampu imesimama. Saa nane na dakika makumi mbili na moja, pampu imewaka tena." Kidole chake kilishuka mstari. "Saa kumi na moja na makumi mbili, tumeanza kutoa maji."

"Na ulimaliza kutoa saa ngapi?"

"Sijui. Chef alisema niende nyumbani. Siku zote ni mi nafunga pampu, lakini ile siku alinifukuza."

"Dakika kumi na moja zile, pampu ilisimama kwa nini?"

Chanelle alianza kulia bila sauti, akiendelea kulitazama daftari. "Nilisikia kitu inapiga. Nikamwita chef. Tukasikiliza wote. Yeye alisema ni maji, inapiga bomba. Nikamwambia apana, chef, bomba haihesabu. Ile ilikuwa inahesabu. Tatu, inapumuzika. Tatu, inapumuzika. Akaenda kuangalia ubao. Akarudi akasema ubao iko tupu, washa. Mukaguzi alikuwa anangojea na saa yake mukononi."

"Ukawasha."

"Nikawasha, madame."

Kuna mambo hayafarijiki, na kumdanganya binti huyu kungekuwa tusi. Spès aliomba daftari, akaliweka mkobani.

Sasa fumbo lilikuwa moja. Karatasi ya mahudhurio ya siku ile ilionyesha kwamba saa sita na nusu mchana mkaguzi alisimamisha mafundi wote gatini, mmoja mmoja, uso na picha. Ishirini na wanne waliitwa, ishirini na wanne waliitika. Kama wote walikuwa nje, aliyekuwa ndani alikuwa mtu wa ishirini na tano. Lakini mtu wa ishirini na tano hana jeton, hana kofia, na hapiti getini. Atakuwaje na miezi ya cheche mikononi?

Aliyekilinda kifuniko Alhamisi alikuwa Vainqueur, mlinzi wa geti, aliyeazimwa kwa siku moja tu kwa sababu mwenye zamu alifiwa. Alikuwa kijana mnyoofu, mwenye kujivunia kufuata amri.

"Ubao ulikuwa tupu ulipofunga?"

"Tupu kabisa, afande. Ilikuwa imebaki moja, nikaitoa."

Spès aliweka kalamu chini. "Ukaitoa wewe?"

"Ya kumi na saba. Mufundi alikuwa amesahau. Wanasahauka sana, chef anawakatia mushahara ya siku. Nikamuona iko gatini, anaitika jina yake. Nikaangalia picha, nikaangalia uso, ni yeye. Nikamupelekea jeton, nikamwambia, Salvator, umesahau. Akachukua. Akasema merci." Kijana alimtazama, na polepole uso wake ukabadilika. "Nilikosea, afande?"

"Hapana," Spès alisema, na hilo ndilo lililomuuma. "Ulifanya kama ulivyoambiwa."

Alirudi kwa Maxime na swali moja: namba kumi na saba yuko wapi leo?

"Salvator? Anaumwa macho. Tangu jana hajakuja. Anakaa Carama."

Carama. Spès alisimama kidogo akilisikiliza neno lile. Mjane pia alikuwa anakaa Carama, kwa kaka yake. Alitazama saa: saa saba na nusu. Akawasha pikapu kwa mazout ya Maxime, akaenda kumtafuta mtu wa kumponza Maxime. Tusimlaumu, mafuta mengine hayakuwepo.

*

Nyumba ilikuwa mwisho wa mtaa, pale matofali yanapoishia na mihogo kuanza. Wanawake wa kilio walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka, Consolée katikati yao. Kaka yake, Salvator, alikuwa chumba cha nyuma peke yake, amevaa miwani myeusi, ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na maji yalikuwa yanamtiririka chini ya miwani. Machozi na ugonjwa vilikuwa vimechanganyika, na hata yeye mwenyewe pengine hakujua kipi ni kipi.

"Shemeji yangu alikuwa anatafuta kazi tu," alianza, kabla hajasalimiwa.

Spès hakumuuliza kitu. Alifunga mlango wa bati, akatoa ufunguo mfukoni, akaugonga mlango mara tatu. Akanyamaza. Akagonga tena mara tatu.

Salvator aliziba masikio. "Acha, mama. Nakuomba, acha."

"Ndivyo alivyopiga. Pampu ilisimama wakamsikia. Sasa nieleze."

Alieleza akitazama sakafu. Macho yake yalikufa mwezi wa tatu kwa moto wa kuchomelea. Daktari alimwambia akiendelea atakuwa kipofu. Fabrice alijua kazi ile kumshinda yeye, lakini bila karatasi nani angempa? Basi Fabrice akavaa kofia ya Salvator, akatundika jeton ya Salvator. Miezi mitatu. Ndani ya kofia ya kuchomelea uso hauonekani, na mafundi wote wa chantier walimwita Salva.

"Alhamisi ule mukaguzi, muzungu, akataka kuona kila mutu na picha yake. Nikaenda mi mwenyewe. Nikamwambia Fabrice, we baki ndani ya tangi, usitoke. Wakiona kumi na saba wawili, tumekwisha, we watakurudisha Congo, na mi wananifunga. Wakienda, nitapiga chuma mara tatu. We ujibu tatu, halafu utoke."

"Ulipiga?"

"Walitutoa wote. Walisema essai, kupima tangi na maji, inaanza, gati iwe tupu. Ule mulinzi akaniletea jeton mbele ya muzungu. Ningesema nini?"

"Ungesema kuna mtu ndani."

Alitikisa kichwa, si kukataa, ni kama mtu anayefukuza nzi. "Nilibaki inje ya geti mpaka jioni. Nilisikia pampu. Nikajiambia, ni tangi ingine."

"Uliamini?"

"Apana."

Uani mwanamke mmoja alianza wimbo wa kanisani, wengine wakamfuata. Spès alichukia kazi yake kwa dakika nzima. Kisha akasema yaliyobaki. Anacho kifuniko kilichokwaruzwa, anacho daftari la pampu, na anaye kamishna anayetaka faili. Havitoshi. Wataandika kwamba mwizi aliingia tangini. Anayeweza kusema Fabrice alikuwa kazini ni mtu mmoja tu.

"Na nikisema?"

"Utafungwa, pengine. Na dada yako atajua."

"Kufungwa ni sawa," Salvator alisema. Akavua miwani, macho yakiwa mekundu kama nyama. "Ile ya pili ndiyo siwezi."

"Hiyo ya pili siwezi kukufanyia mimi. Jeton iko wapi?"

Aliitoa mfukoni mwa suruali ile ile aliyoivaa Alhamisi, duara ndogo ya shaba nyeupe yenye tundu. Alikuwa amelala nayo.

Consolée alipoambiwa kwamba wanakwenda bandarini kwa ajili ya jina la mume wake, aliinuka bila kuuliza. Alikaa mbele, kando ya dereva. Salvator alipanda nyuma juani, na njia nzima hakuna aliyegeuka.

*

Saa kumi kasoro robo, injini za Sangwe zilikuwa zinanguruma na kamba mbili zilikwisha kufunguliwa. Maxime alikuwa gatini na mkaguzi wa wenye kisima, mzungu mwembamba mwenye faili la plastiki chini ya kwapa. Alipowaona wanashuka, Maxime alianza kusema kwa nguvu kwamba kamishna ameshatoa ruhusa, kwamba meli haina faili lolote la polisi, kwamba hii ni fujo.

"Kweli," Spès alisema. "Mi sina karatasi ya kuisimamisha meli. Salvator, pita."

Walipanda wote wanne, na mkaguzi akawafuata, kwa sababu hakuna anayependa kuonekana haelewi kinachotokea. Mbele ya ubao Salvator alisimama. Mkono wake ulitafuta msumari kwa kupapasa, akaupata, akaitundika jeton namba kumi na saba. Iliyumba kidogo, ikatulia.

Mkaguzi aliutazama ubao, akamtazama Maxime. Sheria ile iliyopakwa ukutani ndiyo aliyoisifu kwenye ripoti yake. Aliuliza kwa Kifaransa, kwa ukali: kuna mtu ndani?

Maxime alijibu hapana, hapana, ni mchezo wa polisi. Lakini mzungu alikuwa amekwisha kufungua faili lake na kuitoa ile karatasi ya picha. Akasoma kwa sauti namba ile ile: "Dix-sept. Salvator."

Alhamisi Salvator aliitika upesi. Leo aliigusa kwanza jeton, akaiachia.

"Absent, hayupo," Salvator alisema. "Na Alhamisi nilikuwa absent vilevile. Alikuwa anachomelea ni Fabrice, bwana ya dada yangu. Mi nilimuficha ndani. Na nilipopewa jeton nikanyamaza."

Spès aliyatafsiri maneno hayo kwa Kifaransa bila kuongeza hata moja. Uso wa mkaguzi uliiva. Huenda alikumbuka saa yake mkononi, dakika zile kumi na moja. Kisha akapaza sauti kuelekea juu, kwenye chumba cha nahodha, na injini zikazimwa, moja, halafu ya pili. Kamba zikafungwa tena gatini.

"Chef," Spès alisema, "sasa tutakwenda brigedi taratibu, wewe na mimi. Utanieleza nani alifungua kifuniko Alhamisi jioni. Nani alimvua ovaroli. Nani alimbeba mpaka shimoni, na waya wa shaba ulitoka kwa nani."

Maxime aliivua kofia yake nyeupe. "Ubao ilikuwa tupu," alisema, kana kwamba hakujua sentensi nyingine. "Nilifuata ubao."

"Uliufuata ukiwa unamsikia."

Spès alitoa kidaftari, akamgeukia Consolée, akamwomba jina kamili la mume wake na kazi yake. Consolée alitaja majina, moja baada ya jingine, na la baba. Kisha akasema: "Kazi, andika soudeur." Spès aliandika soudeur, fundi wa kuchomelea, akamwonyesha maandishi, na mjane akayasoma mwenyewe kwa kidole ili ahakikishe. Karatasi ya kuvukia Gatumba ingekuwa na neno hilo. Ndicho pekee sheria ilichoweza kumpa leo, na Spès aliona aibu kwa udogo wa kitu hicho.

Salvator alikuwa bado amesimama mbele ya ubao, mikono yake inaning'inia. "Conso," aliita.

Dada yake alimkaribia hadi akawa anaweza kumwona hata kwa macho yale mabovu. Hakupaza sauti, hakumpiga.

"Ulikaa inje ya geti mpaka jioni?"

"Ndiyo."

"Ile geti ni ya chuma."

"Ndiyo, Conso."

"Ungeipiga hata mara moja."

Akapita kando yake, akashuka gatini kwenda kumtafutia mume wake gari la kumvusha.